Kanzu ya Salehe Iliyovaliwa Kabla ya Idi

Akija mzazi dukani na mtoto asiyetaka kuguswa, wekeni futi ya kupimia chini. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlijue, ninyi vijana mliobaki na cherehani zangu hapa Zinga, kabla Shaabani haijaisha na vitambaa vya Idi havijawafunika hadi puani. Futi ni kamba. Mtoto wa namna hiyo akiona kamba inamjia shingoni, atafanya anachofanya mbuzi yeyote mwenye akili: atakimbia. Akikosa pa kukimbilia, atauma. Mimi niling'atwa. Alama ipo hapa chini ya kidole gumba, na aliyeniuma ni mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja, kwa hiyo sina wa kumshitaki.

Mwambieni mama yake awaletee fulana moja ambayo mtoto anaipenda mwenyewe, ile ambayo kuivua ni ugomvi. Ilazeni mezani, muipime hiyo fulana. Haikimbii, haiumi, na itawaambia mengi kuliko mwili wake: shingo anaipenda pana au finyu, mkono anaupenda mfupi au mrefu, kitambaa kilichochakaa ni cha aina gani. Mtoto akitaka kushika mkasi, mpeni chaki.

Haya sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, na walionifundisha ndio ninaotaka kuwashukuru. Macho yangu siku hizi yana ukungu, tundu la sindano nalipapasa tu, lakini watu walionitendea wema nawaona vizuri kabisa.

Wa kwanza ni Mwalimu Shaibu, fundi wa kanzu wa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Kwake nilifika nikiwa msichana mwenye ndugu watatu mgongoni. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka, nami nikaiacha shule darasa la sita. Jamaa zetu wa Mkange walikuja na nia njema ya kutugawana: huyu kwa baba mdogo, huyu kwa shangazi, na Athumani, kitindamimba ambaye meno ya utoto yalikuwa ndiyo kwanza yanamng'oka, aende kwa mjomba. Nikasema hatugawanyiki. Wakaniuliza tutakula nini. Nikasema nitashona. Kushona kwenyewe sikujui.

Mwalimu Shaibu hakuwahi kumfundisha mwanamke kanzu, na wateja wake walimwambia hivyo. Aliwajibu kwamba sindano haina ndevu. Basi. Nikapata kigoda kwenye baraza yake.

Kazi yako ukimpelekea, hakuitazama. Aliigeuza ndani nje, akaushika mshono, akaupitisha kwenye shavu lake taratibu huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza habari ya siri. Mzee mmoja aliwahi kumtania, "Mwalimu, kanzu yangu unaibusu?" Akasema, "Naibusu mimi kwanza, isije ikakuuma wewe." Shavu likiridhika, alikuambia "haya." Lisiporidhika alikuambia neno moja tu, "Bado," akakurudishia. Hakukuonyesha kosa liko wapi. Ulifumua yote, ukashona upya, ukalikuta kosa njiani.

"Mwanahawa," aliniambia siku moja nilipokasirika kwa kurudishiwa kola nzuri ya darizi, "nje ya nguo ni ya watu. Ndani ni ya mwenye nguo. Wewe umewashonea watu."

Nilidhani ni maneno ya kizee. Alifariki kabla sijayaelewa.

Sasa niwaeleze habari za mtoto aliyeniuma. Salehe ni mwana wa Athumani, yuleyule kitindamimba, ambaye alikua, akaoa, akapata kazi ya umeme wa majumbani. Mkewe, wifi yangu Zuhura, ni binti wa Miono. Salehe alikuwa mtoto mzuri wa sura asiyejibu akiitwa. Sauti ya blenda ilimlaza chini ameziba masikio. Chakula cha kuchanganyika hakukila. Na kila nguo iliyopita karibu yake aliishika pindo, akaligeuza, akaupapasa mshono wa ndani kwa vidole. Wateja wangu walimwona mtundu. Bi Mwatumu, jirani yangu muuza mihogo, alisema ana kitu kichwani, asomewe. Alisomewa, na kusomewa ni kuzuri, lakini aliendelea kupapasa mishono.

Baadaye walimpeleka kwa wataalamu, wakaambiwa ana usonji, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Akaanza kwenda kila wiki mjini, kwenye kituo kidogo cha tiba za watoto. Anayemhudumia ni binti mmoja mtulivu ambaye wazazi wote humwita Mwalimu Neema. Huyu ndiye mtu wangu wa pili wa kushukuru.

Nilikwenda kumwona nikiwa na shaka. Nikakuta mtoto anabembea kwenye shuka, anafinyanga unga, anaviringishwa kwenye godoro kama chapati. Nikajiuliza hii tiba au mchezo. Lakini baada ya miezi kadhaa Salehe alikuwa anakaa mkekani na wenzake mpaka sahani inaisha, na alikuwa na maneno. Machache, lakini yake. Mawili alipewa na Mwalimu Neema kwa makusudi: "bado" na "tayari". Bado, maana yake jambo linaendelea, vumilia. Tayari, maana yake limekwisha, unaweza kuondoka. Na akisema yeye "tayari", mkubwa anapaswa kumsikiliza, ili ajue kwamba neno lina nguvu kuliko kupiga kelele.

Ukamjia mtihani wa Idi.

Idi ya kwanza Athumani kumpeleka uwanjani kuswali ilikuwa kabla ya hayo maneno. Alimnunulia kanzu ya dukani, zile zinazokuja zimekunjwa kwenye nailoni, ngumu kama boksi. Eti hakutaka kunisumbua msimu wa kazi. Mimi ni fundi wa kanzu, na mtoto wa ndugu yangu anavaa kanzu ya nailoni! Nilinuna. Lakini kununa kwangu kulisahaulika, maana takbira zilipopaa kwenye vipaza sauti Salehe aliivua ile kanzu, akavua na kila kilichokuwa chini yake, akakimbia katikati ya safu. Waliocheka walicheka, waliosema astaghfirullah walisema. Athumani alimkamata, akatoka amembana kwapani, kanzu mkononi, hakumtazama mtu.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ikiwa changa, alinijia dukani. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Dada, nimeamua. Salehe ataenda Miono kwa bibi yake. Idi atakula kule. Kumetulia."

"Na ninyi mtakwenda naye?"

"Sisi tuna wageni."

"Kwa hiyo ni yeye peke yake."

"Dada, wewe hukumbeba uwanjani."

"Sikumbeba. Na Idi ya mwakani?"

"Tutaona."

"Na Idi Kubwa?"

Nikasimamisha cherehani. "Athumani, walipotaka kukupeleka kwa mjomba, walisema kule kumetulia. Ni maneno yaleyale."

"Mimi sikuwa navua nguo mbele za watu!"

"Ulikuwa unakojoa kitandani. Kila mmoja na lake."

Alitaka kukasirika, akacheka kwa pua. Nikamwomba anipe mfungo huo mmoja. Mwezi ukiandama na mtoto hajawa tayari, mimi mwenyewe nitafunga begi lake la kwenda Miono. Akakubali kwa namna ya mtu anayempa mkubwa wake heshima, si matumaini.

Kesho yake nikafuatana na Zuhura kwenda kituoni. Mwalimu Neema hakutuambia mtoto aende wala asiende. Alituuliza: siku ile kilichoanza kumuudhi ni nini? Ni kanzu, ni sauti, au ni watu? Tukatazamana. Hatukujua. Sisi tuliona fedheha tu.

"Kwake kola ngumu ni kama mimi na wewe kuvaa gunia lenye miba," alisema. "Ongeza kelele, ongeza umati, ongeza kila mgeni anayetaka kumshika shavu. Sikukuu huwarudisha nyuma watoto wengi, na sisi hapa tutakuwa tumefunga kituo. Shikeni hili moja: siku ya Idi isiwe siku ya kwanza ya kitu chochote."

Akanishika mkono kunionyesha namna ya kumgusa. Mimi humgusa mteja kwa ncha za vidole, kwa adabu. Kumbe mguso ule mwepesi ndio uliomfanya aniume, ulikuwa kwake kama mdudu anamtambaa. Mwambie kwanza unamgusa wapi, kisha weka kiganja kizima, bonyeza, tulia. Vijana, na hili mlitumie hata kwa wakubwa. Kuna watu wazima wengi wanaorukaruka wakipimwa kiuno wakidhani ni kutekenywa.

Kwa hiyo kazi tatu. Zuhura akawa anapiga takbira kwenye simu, sauti ya chini, wakati Salehe anafinyanga unga, akiongeza sauti siku hadi siku. Alasiri alimpitisha uwanjani pakiwa patupu, wakakaa pembeni, mahali pa mwisho wa safu palipo karibu na njia ya kutokea, hapohapo kila siku. Kanzu ikawa yangu.

Nilipekua vitambaa vyangu vyote. Kila nilichompa alikishika, akakitupa. Halafu nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona siku zote. Athumani akitoka kuswali, Salehe humfuata na kuliweka shavu lake kwenye kanzu yake kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ute wa yai. Nikamwambia Athumani anipe hiyo kanzu niikate.

"Mwanangu avae kuukuu siku ya Idi?" Sasa alikasirika kweli. "Watu watasema nimefilisika. Dada, hapo umevuka."

"Idi ya kwanza bila baba na mama wewe ulivaa nini?"

Nikamjibia mwenyewe. Nilikata kanzu ya baba. Ndiyo ilikuwa kanzu yangu ya kwanza kushona, upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine.

"Nililala nayo," akasema baadaye.

"Ulilala nayo, ukanywa nayo uji, ukaenda nayo kisimani. Idi inafika, pindo jekundu kwa udongo. Nani alikucheka?"

"Hakuna aliyecheka."

"Walitaka kucheka. Niliwakodolea macho."

Jioni ile alirudi na kanzu yake ameikunja kwapani kama mtu aliyeiiba msikitini.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Kanzu, mnajua, shingoni ina kaba, kile kitambaa cha ndani kinachoipa shingo nguvu. Kaba ndiyo inayokwaruza. Bila kaba kanzu inalegea, si kanzu tena. Basi niliitoa kaba nje. Nikaishona juu, nikaifunika kwa darizi nyembamba, ndani pakabaki pamenyooka kama jani la mgomba. Mishono ya ubavuni na ya kwapani nikaigeuzia nje pia, nikailaza na kuipiga pindo. Uzi wa pamba, si wa nailoni. Wanga, hata tone. Kishada cha shingoni nilitaka kukitoa, kisha nikakumbuka vidole vya Salehe, nikakiacha kirefu awe na cha kusokota. Nilipomaliza niliigeuza, nikaipitisha shavuni kwangu nimefumba macho. Hapo ndipo nilipomwelewa Mwalimu Shaibu. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, nikalia juu ya cherehani kwa ajili ya kola niliyofumulishwa nikiwa msichana.

Salehe alipopewa, aliigeuza. Alifuata kila mshono kwa kidole, toka pindo hadi shingo. Akaivaa, akaivua. Kesho yake akaivaa, akakaa nayo kidogo. Siku iliyofuata Zuhura alipotaka kuivua, ukawa ugomvi. Mafundi, hakuna malipo yanayofikia hayo.

Lakini mnajua kwetu nguo ya Idi haivaliwi kabla ya Idi. Inakaa kabatini inanukia udi, watoto wanaifungulia mlango kuichungulia. Zuhura mwenyewe alinong'ona, "Wifi, si tunaitoa baraka?" Nami sikuwa na jibu la dini wala la mila. Nilikuwa na maneno ya Mwalimu Neema tu. Mtoto akawa anakatiza mtaani alasiri, kanzu na kofia, kwenda kukaa kwenye uwanja mtupu na mama yake. Mtaa ukapata la kusema huku unangoja futari.

"Wifi Zuhura!" Bi Mwatumu aliita toka kwenye mihogo yake. "Kwenu mwezi umeshaandama? Mbona hamkutuambia, sisi bado tunafunga!"

Watoto wakafuata nyuma wakiimba, "Salehe kala Idi! Salehe kala Idi!"

Zuhura alirudi macho chini. Athumani alikuwa barazani kwangu, ananitengenezea waya wa pasi, akasikia yote. Aliweka bisibisi, akaenda kwake. Nikajua yamekwisha, anakwenda kufunga begi la Miono.

Alipotoka alikuwa amevaa kanzu yake mpya ya Idi, ile niliyomshonea mimi, yenye wanga, mikunjo ya pasi inakata kama kisu. Kofia mpya. Manukato. Akamchukua Salehe mkono, wakatembea katikati ya barabara mpaka kwenye mihogo.

"He! Athumani nawe!" Bi Mwatumu akashika mdomo. "Mwezi mmeuona wapi?"

"Nyumbani kwetu, Bi Mwatumu. Wa kwenu ukiandama, mtatuambia. Nipimie mihogo."

Aliivaa kila alasiri mpaka Ramadhani ikaisha. Watoto wakachoka kuimba. Bi Mwatumu naye, ambaye roho yake ni nzuri kuliko ulimi wake, akawa anamwekea Salehe muhogo mkavu peke yake, usioguswa na nazi, kwa kuwa alimwona ndio anaoula.

Mwezi ulipoandama begi halikufungwa.

Asubuhi ya Idi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma, nimenyoosha shingo kama kuku. Walichelewa kusudi, wakaketi mahali pao, mwisho wa safu, karibu na njia. Kipaza sauti kilipofunguka, Salehe aliziba masikio. Athumani akamwekea kiganja kizima mgongoni, akabonyeza. Mtoto akasokota kishada. Nami nilikuwa nasema takbira na kuomba kwa pamoja, "Ya Rabi, kanzu ibaki mwilini." Watu wakasimama, wakarukuu, wakasujudu. Salehe hakusujudu. Alisimama katikati ya migongo yote ile, anapapasa pindo la baba yake. Kanzu mwilini.

Swala ikaisha, imamu akapanda kutoa hotuba. Nikaona midomo ya Salehe inasema neno. Sikulisikia kwa umbali, lakini nililijua kwa kilichofuata. Athumani, ambaye mwaka uliotangulia alitoka uwanja huohuo kama mwizi, aliinuka mbele ya watu wote walioketi, akasema kwa sauti, "Haya, tayari," wakaondoka wameshikana mikono, pole pole.

Nyumba za kutembelea tuliziacha zote isipokuwa moja, ya kwangu. Watoto wa Zinga siku hiyo huzunguka kutoa shikamoo na kupewa mkono wa Idi, yaani hela ya sikukuu, na wakubwa wengi wana kawaida ya kuuficha mgongoni mpaka mtoto atamke. Nawaomba, msimfanyie hivyo mtoto wa aina hii. Mpeni kwanza. Mimi nilimpa, nikasema, "Marahaba," kwa shikamoo ambayo hakuitoa, maana ilikuwa machoni.

Alinisogelea. Nilikuwa na gauni jipya, la mwisho kushonwa baada ya nguo za watu wote, haraka haraka. Akalishika pindo. Akaligeuza. Akaupapasa mshono, akafika mahali nyuzi zilipokuwa zinaning'inia, akainama, akaupitisha kwenye shavu lake huku amefumba macho. Hakuna mtu aliyemfundisha. Mwalimu Shaibu alikuwa kaburini kabla baba yake hajaoa.

Salehe akaliachia pindo, akanitazama usoni, jambo analolifanya kwa nadra.

"Bado," akasema.

Athumani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nilisema tu, "Ndiyo, Mwalimu," kama nilivyozoea.

Siku ya pili ya Idi, watu wakitembeleana, nilikaa barazani na wembe nikalifumua gauni lote.